Kumshinda Nabii Issa

Basi la kutoka Dadaab lilikuwa likikimbia nyuma ya gari la polisi lililolisindikiza, na Mwalimu Kasyoka alikuwa akisoma ushuhuda wake wa Jumapili kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekariri tebo za hesabu. “Tangu malaria imchukue mke wangu baada ya zile mvua za El Nino, sijadondosha hata chozi moja, Bwana asifiwe.” Mchungaji alikuwa ameisifu sana sentensi hiyo.

“Bole, mwalimu,” akasema kwa lafudhi ya Kisomali jirani yake wa kiti, Guled, mzee mkimbizi wa kambi ya Ifo, ambaye hakuna aliyemuuliza. “Dini yenu nakataza kulia?”

“Haikatazi, mzee. Hata Yesu alilia rafiki yake alipokufa.”

“Sasa wewe nashinda Nabii Issa?”

Kasyoka aliikunja karatasi ya ushuhuda. Macho haya makavu yalikuwa imani kweli, au woga uliovaa tai? Akaona heri swali alirudishe lilikotoka. “Na wewe, mzee, hujawahi kufiwa?”

“Nazika watoto wawili njia ya Liboi, pale mpakani, tukikimbia vita. Watu nasema sabr, Mungu atalipa. Mimi nasubiri. Mwaka ya saba sasa.”

“Ulilia?”

Basi lilisimama Garissa, na Guled akainuka. Akashuka na kifurushi chake, akapotea katika umati, kisha akarudi kugonga kioo.

“Mwalimu, Jumapili ukilia, kuja niambie kama inasaidia.”