Wasifu wa Fundi Aliyeiamini Pua Yake

Ndugu yetu tunayemzika leo, ambaye mtaa mzima mlimwita Fundi Gesi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa nne kati ya watano. Mimi ninayesoma ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni. Kamati ya mazishi iliniandikia hapa kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Nimeyakata maneno hayo. Kuna pikapu sita hapo nje zilizofungwa gesi kwa mikono yake, na wenyewe mmekaa mbele yangu, kwa hiyo leo hatudanganyani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Akiwa darasa la sita aliitengeneza baiskeli ya mwalimu mkuu, akairudisha na breki moja. Alipoulizwa ya pili iko wapi, akajibu, "Mwalimu, ile ilikuwa inakupunguzia mwendo." Tulicheka wiki nzima. Mwalimu naye alicheka, badala ya kumtandika. Alihitimu ufundi wa magari tarehe 2 Desemba 1987.

Alifanya kazi miaka ishirini na moja katika karakana ya kampuni ya mabasi, akivuta petroli kwa mpira na mdomo, akinawa mikono kwa petroli hiyo hiyo. Ikamuua pua. Maharage yaliungua jikoni naye amekaa hapo hapo anasoma gazeti. Wifi yangu, aliyemwoa tarehe 20 Agosti 1994, alimwambia mara ngapi, "Baba watoto, wewe hunusi kitu." Jibu lilikuwa moja tu: "Pua ya fundi haizeeki." Sikio la kufa halisikii dawa, na pua pia. Wifi alimpenda hivyo hivyo, akamzalia watoto watatu.

Mwaka 2021 petroli ilipopanda, akaamua pikapu yake itembee kwa gesi. Si vibaya. Wapo wanaofunga tangi lililotengenezwa kwa ajili ya gari, lenye valvu yake, likakaguliwa. Yeye alichukua mtungi wa jikoni. Mtungi wa jikoni, jamani! Akaulaza nyuma ya kiti, ndani, eti nje utaibiwa, akaunga mpira kwa klipu za bomba la maji. Nilipanda mara moja tu. Ilinuka mayai viza, nikashuka njiani nikatapika mtaroni. Yeye ananishangaa: "Dada, umekula nini?"

Fundi wa gesi hupaka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa vipovu, gesi inavuja. Marehemu alisema povu ni la wanagenzi. Alikuwa anainama, ananusa, anasema, "Safi." Nanyi mkampelekea pikapu zenu, mkampigia makofi. Mlipitishiwa magari na pua iliyokufa! Kinyaa changu si cha harufu peke yake. Kila mmoja wenu alisikia uvundo ule kila asubuhi, akaona aibu kumbishia fundi, akashusha kioo akaenda zake. Mfyuu!

Tarehe 3 Juni 2024, saa mbili asubuhi, mvua ilikuwa inanyesha, vioo vyote vimefungwa. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ilikuwa imelala sakafuni inamsubiri. Akaingia, akazungusha ufunguo. Alilazwa siku kumi na moja, na sitaeleza nilichokiona bendeji zilipofunguliwa. Siku ya tisa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kweli ilikuwa inanuka?"

"Ilikuwa inanuka, mdogo wangu. Sana."

Machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Na zile sita?"

Sikumsikia akisema neno jingine. Alifariki tarehe 14 Juni, saa sita mchana. Nimemkasirikia ndugu yangu hadi naona haya, na nampenda, na sina mwingine wa kuniita dada kwa ubishi ule.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, sisi ndugu zake wanne, na pikapu sita zenye mitungi ya jikoni nyuma ya kiti. Wewe wa pikapu ya bluu, usiangalie chini. Umekuja na wanao humo. Hakuna itakayowashwa leo.

Yeye apumzike kwa amani. Mjane wake anapita sasa hivi kati ya viti. Mpeni pole, na mpeni funguo.