Matanga Hayaombi Kibali

Sogeeni, wanangu. Ongom, keti upande huu wenye sikio langu zima. Aloyo, binti yangu, acha huo uji upoe. Na wewe Kavugho, mwambie baba yako Anselme aingie ndani, asisimame mlangoni kama mdai wakati sisi ni majirani wa mwaka wa tisa. Leo nasema Kiswahili, lugha iliyonilisha katika polisi miaka ishirini na sita, ili Waacholi na Wakongo wa chumba hiki wasikie kwa masikio yao, kesho asije mtu akadai mzee Okeny alitafsiriwa vibaya. Daktari amesema ini limekwisha, na mficha maradhi kifo kitamfichua, kwa hiyo mimi sifichi. Lakini msinitazame kwa macho ya machozi. Nina furaha ambayo sijaipata tangu siku niliyoshonewa utepe wa tatu wa sajini begani, nami nataka kuimwaga yote kabla pumzi haijanikimbia.

Barua imekuja. Jana Kavugho aliitoa posta, akaikimbiza mpaka hapa bila kusimama. Wale watu wa wakfu, wenye ofisi Nairobi, wanaotoa ruzuku kwa michezo na ngoma za mitaani na masomo ya vijana, wamelikubali ombi letu. Miaka miwili, wanangu. Walimu wawili wa kuwafundisha wale waliofukuzwa shule kwa kukosa karo, na ngoma, na mavazi, na vitabu, na mchezo wetu wa Ufunguo wa Bomba uzungushwe mtaa kwa mtaa. Nilimwambia Kavugho anisomee mara tatu, na mara ya nne nikasoma mwenyewe nikifuata kwa kidole, maana sikuamini kwamba mtu aliye mbali hivyo amesoma habari za banda letu la mabati la mazoezi hapa Kansanga akaona zina maana.

Sharti lao ni moja. Jumamosi hii saa nane mchana anakuja mama mmoja wa wakfu kuutazama mchezo ukichezwa mbele ya wakazi wenyewe, siyo mbele ya viti vitupu. Asipouona, ruzuku inakwenda kwa wengine waliopanga foleni, na vijana wetu wanarudi kukaa kwenye kuta za Kansanga wakitafuna mabua ya muwa. Nanyi mnajua kwamba tangu jeshi lishike serikali, watu wakikusanyika bila kibali wanapakiwa kwenye lori. Kibali tuliomba, tukanyimwa.

Sasa nitawaambia ni nani aliyetukosesha kibali. Ni mimi. Mlimlaumu karani wa wilaya, mkanong'ona kwamba Anselme ametuchongea, nami nikanyamaza kwa aibu. Ile siku niliyoandika ombi kwa wakfu niliandika kama ripoti ya kituoni, tarehe, mahali, nani alionekana akifanya nini, "mnamo saa kumi vijana kumi na wanne walionekana wakiimba kwa bidii", na nilipofika chini mkono wangu ukaandika wenyewe: Nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Miaka ishirini na sita sijapeleka karatasi popote bila nakala kwa mkubwa. Nikabandika stempu mbili, nikatuma bahasha mbili, nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Pale nilipoeleza kwamba mwisho wa mchezo watazamaji hunyosha mikono kumchagua wa kushika ufunguo wa bomba la maji, mkubwa alipiga mstari mwekundu. Tulipokwenda kuomba kibali karani alinifungulia faili, akaniambia kwa upole, "Muzee, hii mambo ya nyosha mukono, hapana. Watu nachagua nini? Rudi nyumbani, kunywa chai." Namshukuru Mungu ile orodha ya majina ya vijana sikuiambatisha kwenye nakala, ningekufa na roho zao mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nisameheni, na wewe Anselme nisamehe mbele ya watoto, maana niliwaacha wakutazame kwa jicho baya miezi miwili mizima.

Na kwa kuwa tumefika kwako, tumalize na habari ya ule ua. Uliusogeza hatua mbili ndani ya kiwanja changu mwaka ule wa mvua nyingi. Ulisogeza, Anselme, usitikise kichwa, mimi najua, na cherehani yako uliyoiweka pale inajua. Hizo hatua mbili nakuachia. Ila ung'oe ua wote kabla ya Jumamosi, viwanja vyetu viwe uwanja mmoja, watu wapate pa kukaa.

Ndiyo, watu. Aloyo, nipe maji kidogo. Nilipokuwa polisi nilitawanya mikutano ya kila namna. Nimetawanya wapagazi wa mtaa wa maduka wa Kikuubo waliogoma, nimetawanya mechi ya mpira, hata harusi moja nilitawanya na bibi harusi akanirushia kiatu. Lakini kitu kimoja sikuwahi kuagizwa kutawanya, na hawa askari wa siku hizi, pamoja na ukali wao, bado huvua kofia kinapopita: matanga. Matanga hayaombi kibali. Nami, wanangu, nakufa. Mnaona sasa kwa nini nacheka? Kufa kufaana. Kwetu Acholi mzee hazikwi kimya, ngoma hupigwa na nyimbo huchezwa, kwa hiyo atakayesikia ngoma hapa Jumamosi atasema tu, ala, kumbe Okeny amekwenda. Chezeni mchezo wote, msikate hata neno. Na nikiwa bado napumua siku hiyo, nitoeni nje na kitanda changu mniweke katikati, kwani mgonjwa anayeagwa naye hutembelewa bila kibali. Sisemi hakuna hatari. Kijana atakayeogopa asiitwe mwoga, apewe kazi ya kupika.

Ruzuku ni ya vijana. Hata sumni yake isininunulie sanduku, wala fahali wa kulisha ukoo. Mbao ninazo chini ya kitanda hiki, na fahali, ukoo ujiletee.

Ongom, mwanangu wa kwanza, baiskeli na koti zito ni vyako. Najua pia umekwisha kumpata mnunuzi wa kiwanja, yule mwenye baa. Sikulaumu. Una watoto wadogo, na majina yetu ya kaskazini siku hizi hayamlazi mtu usingizi. Unataka uuze, unipeleke Kitgum, maana mtu kwao. Lakini nizikeni hapa, mbele ya banda, hatua tano kutoka mlangoni. Kampala hii nani atanunua kiwanja chenye kaburi lililochimbwa na mtaa mzima? Nitalinda lindo moja zaidi. Linaloniuma, na nalisema, ni kwamba sitalala kando ya mama yenu Lamunu aliyezikwa kule. Nendeni mkamwambie, kaburini kwake, kwa sauti, sababu yake.

Umebaki ufunguo wa banda. Huu hapa, chini ya mto. Desturi inanitaka nimtaje mrithi, nanyi mwinamishe vichwa. Lakini mwaka ule wa uchaguzi kabla ya uhuru nililinda sanduku la kura siku nzima, bunduki begani, nikiwatazama watu wakichagua, na kura yangu sikupiga. Sijachagua kitu tangu nizaliwe, wala ninyi. Basi chagueni hapa, mbele yangu. Anayetaka Aloyo aushike... anyoshe mkono.

Kavugho. Naam. Anselme, na wewe unayo haki, banda limeegemea ukuta wako. Vizuri. Aloyo, nyosha wako, nani amekukataza? Ongom... Ongom ameacha mkono wake pajani. Mwacheni. Asimtazame mtu vibaya. Hiyo nayo ni kura, mwanangu, na umeipiga mbele ya baba yako bila kuogopa. Mchezo wote unafundisha hilo. Kaka yenu akija bandani, apewe kiti cha mbele.

Leteni viganja sasa, niwatemee mate ya baraka. Kinywa kimekauka... yatatosha. Njia zenu ziwe nyeupe. Maneno yenu yapate wa kuyasikia. Watoto wenu wasijue mlio wa lori. Na wewe, Ongom, lete chako... hicho hicho cha pajani.

Ngojeni. Bado mimi. Mkono wangu hauinuki... Kavugho, niinulie. Juu kidogo. Juu, waone.

Haya. Hesabuni tena.