Mama Masikio na Maneno Manne ya Waziri

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja: huo ndio muda ambao Mama Masikio ametumia kuwasikiliza watu wengine wakizungumza. Ifikapo tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, atavua vipokea sauti vyake vya masikioni, ataviweka juu ya meza iliyo karibu na dirisha, na kustaafu rasmi katika Idara ya Taarifa za Bunge.

Alianza kama mpiga chapa, enzi za mashine zilizolia kama mvua ya mawe juu ya bati. Zikaja kanda, zikaja kompyuta, naye alivipokea vyote kwa utulivu uleule, akisema kwamba mitambo hubadilika lakini waheshimiwa huongea vilevile. Jina lake alilipata mwaka wa tatu, pale chumba kizima kiliposhindwa kulitambua neno moja katika hotuba ya bajeti. Wapo waliosikia “ruzuku”, wapo waliosikia “kuku”. Yeye aliirudia kanda mara tisa, kisha akatangaza kwamba lile halikuwa neno, kilikuwa kiti cha Mheshimiwa kikiomba matengenezo. Seremala alipotumwa, alithibitisha. Tangu hapo jina likaenea hadi Spika mwenyewe, siku moja akiwa kitini, akateleza na kumwita Mama Masikio mbele ya Bunge zima. Kwa kuwa lilitamkwa ndani ya ukumbi, Mama aliliandika.

Nyumbani mambo si tofauti. Mumewe, fundi wa majokofu na shemeji yetu sote, hutuambia kwamba kugombana na mkewe ni sawa na kwenda mahakamani huku upande wa pili una kanda. Watoto wao watatu wanadai walijifunza kusema “labda” kabla ya kujifunza kusema “mama”.

Kwa wageni wetu wa leo, yafaa nieleze kidogo kazi yenyewe. Mwandishi huingia ukumbini kwa zamu ya dakika kumi, hutoka, na kuyaandika yaliyosemwa neno kwa neno kwa ajili ya Taarifa Rasmi ya Bunge. Rasimu hupelekwa kwa kila msemaji, naye anaruhusiwa kurekebisha ulimi ulipoteleza. Maana haruhusiwi kuigusa. Kanuni hiyo ni fupi na haina utata, na miaka kumi na moja iliyopita ilimgharimu Mama Masikio kitu ambacho sina hakika kama yeye mwenyewe huwa anakihesabu.

Mwaka ule nchi mbili jirani zilikuwa vitani, na Serikali ilikuwa imetangaza kwamba haina upande. Mbunge mmoja wa upinzani, aliyekuwa daktari wa mifugo kabla ya siasa, alisimama na kuuliza: kama hatuna upande, ndege za mizigo za upande mmoja zinafuata nini kwenye uwanja wetu kila Jumanne? Ukumbi ukalipuka. “Rudi zizini!” alipiga kelele mmoja. “Kaa chini, daktari wa ng’ombe!” akadakia mwingine. Naye akajibu kwamba ng’ombe wake walikuwa wepesi wa kuelewa swali kuliko Baraza zima la Mawaziri.

Waziri aliyepaswa kujibu alisimama akiwa amechoka na, nadhani, akiwa amekasirika. Katikati ya zile kelele alisema: “Ndege zilitua kujaza mafuta, na ruhusa nilitoa mimi.” Waandishi wa magazeti waliokuwa roshani hawakusikia vizuri. Mbunge alisikia, akatoka nje na kuyarudia kwa kila aliyemuuliza. Siku mbili baadaye Wizara ilikanusha, na Mbunge akaitwa mbele ya Kamati ya Maadili kwa kosa la kumzulia Waziri. Kama angepatikana na hatia, adhabu yake ingekuwa kufungiwa vikao vyote vilivyobaki vya mwaka, na maswali yake yote kuhusu vita kufutwa.

Kamati ilisema itaamua kwa kuangalia Taarifa Rasmi. Rasimu ilipotoka wizarani, yale maneno manne, “na ruhusa nilitoa mimi”, yalikuwa yamekatwa kwa wino wa kijani, na juu yake kuandikwa “ruhusa haikutolewa”. Aliyeileta alikuwa msaidizi wa Waziri, kijana mpole mwenye adabu, ambaye hakuinua sauti hata mara moja.

“Mama yangu, ni maneno manne tu.”

“Mwanangu, mimi ninalo moja tu,” alimjibu. “Hapana.”

Akiwa mlangoni, kijana alisema wamesikia kwamba barua ya Mama ya kupandishwa kuwa Mhariri Mkuu iko mezani ikisubiri saini, na kwamba wote wanamwombea heri. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka mingi. Siku nyingine naliona kuwa tishio, siku nyingine naliona kuwa heri ya kweli kutoka kwa mtu asiyejua pa kuitolea. Ninachokijua ni kwamba Mama alifunga mlango akairudia kanda mara tatu. Wengi wetu tulidhani anatafuta ujasiri. Baadaye alitusahihisha: alikuwa anahofia tu asije akawa amesikia vibaya. Kisha akaupeleka ukurasa kiwanda cha uchapaji, maneno yakiwa kama yalivyosemwa.

Kamati iliusoma na kulifunga jalada kwa robo saa. Mbunge akabaki kitini, akaendelea kuuliza. Sitathubutu kudai kwamba ukurasa mmoja ulizizuia ndege. Ni kweli Jumanne zilikuja kuwa kimya, lakini vita huwa na sababu zake, na huenda hazikutuhusu.

Siku iliyofuata Mbunge alikuja ofisini amejaa furaha, akamwita Mama “dada yangu wa damu”, akashukuru hadi akaishiwa pumzi. Kisha akakohoa. Je, lile neno lake kuhusu ng’ombe na Baraza la Mawaziri lisingeweza kulainishwa kidogo? Mama alimjibu kwa lile lile neno lake moja. Basi Mheshimiwa akalazimika kusimama ukumbini na kuwaomba radhi Mawaziri. Wapo wanaodai kwamba akiwa anakaa aliwaomba radhi na ng’ombe, lakini hilo halimo kwenye Taarifa, kwa hiyo silithibitishi.

Barua iliyokuwa mezani haikutiwa saini. Ilikuja nyingine, ikimteua Kaimu Mhariri Mkuu “hadi itakapoamuliwa vinginevyo”. Haikuamuliwa vinginevyo kwa miaka kumi na moja. Katika ukaimu huo aliwafundisha waandishi ishirini na sita, akalimaliza rundo la taarifa zilizochelewa kwa miaka minne, na hakuwahi kutuonyesha barua yoyote ya malalamiko. Shemeji hupenda kusema kwamba mkewe ni kaimu kazini, ila nyumbani alishathibitishwa.

Tulipoandaa wasifu huu, sote kumi na wanne tulikubaliana kumwandika “Mhariri Mkuu”, bila lile neno la mbele. Tuliona ni haki, na tuliona hakuna atakayeumia. Kama ilivyo desturi, rasimu tulimpelekea. Ilirudi asubuhi yake, utani wote kuhusu masikio yake ukiwa haujaguswa, na sahihisho moja tu kwa kalamu ya risasi: “Kaimu”. Tulibishana naye kidogo. Nilimweleza kwamba neno lile halikuwa haki. Akasema hajakataa, ila ndivyo ilivyokuwa. Bado sijui nani kati yetu alikuwa sahihi, lakini tumeliacha alivyoliandika.

Kaimu Mhariri Mkuu, Mama yetu, asante kwa kutusikia tulivyosema na si tulivyotamani tungekuwa tumesema. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na siku nyingi ambazo sasa wengine ndio watakaonyamaza ili wakusikilize wewe.