Gauni Jeupe la Mama Vipande

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vipande, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba, akafaulu, lakini nafasi ya kuendelea ikaenda kwa kaka yake. Hakulalamika sana. Alilalamika kidogo kidogo tu, mpaka mjomba wetu huyo akaota mvi.

Mwaka 1968 alikwenda kujifunza ushonaji kwa shangazi yake, fundi wa magauni ya harusi. Huko alifundishwa pia siri ya kazi: mteja huambiwa alete kitambaa kuzidi kinachohitajika, na kinachobaki ni cha fundi. "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake," shangazi alimwambia. Basi Mama naye akala. Alipochumbiwa na Baba, seremala wa jirani, alianza kuweka kando satini nyeupe za mabibi harusi wa watu, akajishonea gauni lake mwenyewe. Waliowahi kuliona wanasema lilikuwa gauni hasa.

Wiki chache kabla ya harusi, mwinjilisti alifundisha Matendo ya Mitume, sura ya tatu, mstari wa mwisho: kwamba Mungu alimtuma mtumishi wake awabariki watu kwa kumwepusha kila mmoja na maovu yake. Akawauliza waumini, baraka iko wapi hapo? Wengine wakataja watoto, wengine mvua, mmoja akataja baiskeli. Mama naye siku zote alidhani ukiacha ubaya, baraka hufuata baadaye kama mshahara. Mwinjilisti akawaambia wasome tena, polepole: huko kuepushwa ndiko baraka yenyewe. Mama alirudi nyumbani, akalitoa gauni sandukuni, akaanza kulifumua. Alifumua huku analia, maana alilipenda.

Alivirudisha vipande kwa wenyewe. Wapo waliocheka, wapo waliomhamia fundi mwingine. Shangazi alimwambia amemmwagia unga wake, akamfukuza. Mama aliogopa atampoteza na mchumba, kwani ndugu wa Baba walitaka harusi ya heshima. Alipomweleza yote, Baba alijibu, "Mimi naoa mtu, sioi kitambaa." Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1974, Mama akiwa na gauni la bluu la kwendea ibadani. Hadi leo wageni wakiitazama ile picha ya sebuleni huuliza bibi harusi yuko wapi.

Baba alimtengea kona ya karakana yake, cherehani katikati ya maranda. Ndiko tulikokulia, na jamani, tunaikumbuka ile harufu ya mbao na mafuta ya cherehani. Kila nguo ilitoka na mabaki yake yamefungwa kwa uzi, hata yale yasiyotosha kufutia pua. Tulikuwa tunanuna: watoto wa mafundi wengine waliwavalisha wanasesere wao satini, sisi tuliwafunika maranda.

Ugonjwa wa kisukari ulimwanza mwaka 2009, ukamla macho polepole, naye akashona kwa kupapasa mpaka vidole vikakataa. Mwezi uliopita aliniambia mimi, kitinda mimba wake, "Lile gauni nililitamani, mwanangu, na bado nalitamani. Ila nimelala usingizi mzuri maisha yangu yote." Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mkono wake ukiwa mikononi mwa Baba.

Habari zilipoenea, akina mama aliowashonea walianza kufika, kila mmoja na kipande cheupe. Wa kwanza kuingia alikuwa shangazi yake, ambaye sasa hutembea kwa kushikwa mkono. Tangu mwaka ule wa gauni walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu. Alitoa satini iliyokunjwa vizuri, akaiweka mezani.

"Hiki ni changu," alisema. "Nilikinunua."

Wasichana ambao Mama aliwafundisha kushona wakaketi kwenye cherehani yake, wakaviunga vipande hivyo. Leo amevaa gauni jeupe, na hakuna kipande ambacho hakikuletwa na mwenyewe.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na shangazi yake.

Gauni limekukaa, Mama. Pumzika kwa amani.