Kwa Nini Watu wa Ng'ambo Hawapigi Kura

Kama una haraka, usipite asubuhi kona ile ya kuteremkia soko la Lushoto. Pana benchi refu la mbao, na juu yake wamekaa wazee watatu wenye masweta, wataalamu wa uchaguzi ambao hakuna aliyewaajiri. Issa muuza kahawa huwasikiliza kila siku, maana wateja ndio hao. Leo walikuwa wanamtabiri diwani ajaye, na Issa alishachoka hata kabla hawajamaliza kikombe cha kwanza.

Kilichowakaa kooni ni kitongoji cha ng'ambo ya mto. Zamani kilitoa kura mia mbili na ushee, kikaamua nani awe diwani. Uchaguzi uliopita walijitokeza watu tisa.

— Huo ni mzunguko, — alisema mzee waliyemwita Takwimu, ambaye daftari lake lina matokeo yote ya kata tangu vyama vingi vianze. — Kila baada ya chaguzi tatu wapiga kura wanachoka. Dunia nzima iko hivyo.

— Uchovu wapi. Ni plamu, — alisema Profesa, mwalimu mstaafu. — Mwaka ule ziliwahi kuiva. Mtu mwenye plamu mtini diwani wa nini?

Jafari, anayeitwa Mtae kwa sababu aliendesha lori la Mtae miaka ishirini na hajaacha kulisimulia, aliwacheka wote wawili.

— Ukungu huo. Mtu aliyekulia kwenye ukungu haamini asichokiona. Kule Mtae nimelishuhudia jambo hilo kwa macho.

Takwimu akaandika: ukungu.

Issa aliuma meno. Yeye ni wa ng'ambo. Daraja lao la miguu lilizolewa mbao na mafuriko ya masika, mwaka ule ule wa uchaguzi, na tangu hapo yeye huzunguka mwendo wa saa mbili kuleta kahawa. Mama yake mwenye mguu mbaya hajavuka tena, si kwenda kliniki, si kupiga kura. Mara ngapi amewaomba wazee hawa waje kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, wasaidie kulitengeneza, nao humjibu kwamba suala hilo linahitaji uchambuzi.

— Ni daraja, — alisema.

— Wewe mimina, — akajibiwa.

Hapo akafika mama mmoja, viatu mkononi, kanga imelowa hadi magotini. Alikuwa Dorkasi, mjane wa fundi Alen aliyelijenga daraja lile. Aliwaamkia shikamooni, wakaitikia marahaba na kumsogezea nafasi. Hakukaa. Aliinama akapitisha kidole kwenye matundu ya bolti ubavuni mwa benchi, matatu matatu, kama alivyozoea kuyatoboa marehemu mumewe.

— Benchi zuri, wazee wangu, — alisema. — Mbao mlizitoa wapi?

Profesa akamtazama Takwimu. Takwimu akafungua daftari, akalifunga. Mtae alianza kueleza kwamba ziliokotwa bondeni, mwaka ule wa mafuriko, akaishia katikati.

Issa alipandwa na hasira. Miaka yote hiyo amewamiminia kahawa wakiwa wamelikalia daraja la kwao. Hakutukana. Aliweka birika chini.

— Inukeni.

Waliinuka mmoja mmoja. Profesa alijipangusa suruali, na huzuni yake ilikuwa ya kweli kabisa.

— Sasa kesho tutakaa wapi?

Issa akashika benchi upande mmoja, akamsubiri Profesa ashike wa pili.