Abdulazizi Mtoro Mkumba, Aliyeihamisha Ikolombwe

Sheikh ametuomba tuwe wafupi, kwa kuwa maji yanapwa na wageni waliokuja kwa boti wasije wakakwama topeni. Marehemu angekubaliana naye kabisa, kisha angezungumza saa moja na nusu.

Abdulazizi Mtoro Mkumba alizaliwa hapa Mbuchi siku ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Mtoro Mkumba, mkata mikoko na mkulima wa mpunga, na Bi Hadija. Mbuchi haina mlima, kama mnavyojua. Haina kilima. Hata jiwe la kunolea panga tunaagiza Kibiti. Ilichokuwa nacho ni mto unaokula ukingo, na Mzee Mtoro alikuwa na desturi ambayo baadhi yenu mnayo hadi leo: kuchomeka kigingi cha mkoko hatua kumi kutoka ukingoni. Mto ukikifikia kigingi, nyumba inafumuliwa, nguzo na makuti yanabebwa, mnahamia ndani. Hakuna kikao. Masika ya mwaka 1962 jirani mmoja alikuta kigingi chake kimekwenda na maji, akachomeka kingine karibu zaidi na nyumba, halafu kingine, akisema mto wa mwaka huu umeshashiba. Nyumba iliondoka mchana kweupe, watu wakitazama, na mama mmoja ndani yake. Abdulazizi alikuwa na miaka minane. Hiyo ndiyo siku aliyoanza kusoma, ingawa shule alikuwa ameingia mwaka mmoja kabla.

Elimu ya msingi aliipata hapahapa, na ya sekondari katika shule ya bweni mkoani Tabora, alikomaliza kidato cha sita mwaka 1973. Mwaka 1975 alipata ufadhili wa kwenda Usovieti. Fomu iliuliza anataka kusomea nini, naye akaandika, "Ardhi inayoondoka." Wakubwa waliitafsiri kadiri walivyoweza, wakampeleka Dushanbe, kwenye jamhuri ya Watajiki, chini ya milima ya Pamir, akiwa na sweta moja. Barua yake ya kwanza nyumbani ilikuwa fupi: "Huku ardhi imesimama wima. Watu wanakaa chini yake na wanapika chai."

Alipelekwa kuliona ziwa ambalo zamani lilikuwa bonde. Mwaka 1911 tetemeko liliangusha ubavu mzima wa mlima, ukakifukia kijiji cha Usoi na kuuziba mto. Maji yakapanda nyuma ya kifusi mpaka yakafunika kijiji cha pili. Ziwa bado lipo, na walio bondeni chini yake wanaishi wakilisikilizia. Marehemu aliweza kuueleza msiba huo kama vile ulitokea Mchukwi juzi. Mlima hauanguki siku moja, alikuwa akisema. Maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanausukuma, yanayeyuka, na mwakani yanarudi kuendelea na kazi. Mto unaukata mguu. Barafu iliyoziba bonde kwa maelfu ya miaka inayeyuka na kuuacha mwamba hauna pa kuegemea. Mvua inaongeza uzito. Tetemeko linakuja mwisho kabisa, na ndilo linalobebeshwa lawama zote.

Alirudi mwaka 1981 na shahada, akaajiriwa serikalini, idara ya jiolojia. Mwaka 1983 alifunga ndoa na Bi Mwanawetu Iddy wa Nyamisati. Mjomba wa bibi harusi, kwa haki, alitaka kujua kazi ya mposaji.

"Napima milima, kama itaanguka."

"Ikianguka?"

"Nitakuwa nimepima vizuri."

"Na isipoanguka je, bwana?"

"Nitakuwa bado napima."

Mjomba aliwageukia wazee wenzake, akasema, "Mpeni mke. Kazi yake haina kustaafu." Waliooana wakati ule watakumbuka kwamba hiyo haikuwa sifa ndogo.

Mwaka 1989 alifika Ikolombwe, kijiji cha nyanda za juu kusini kilichokaa chini ya mlima wa jina hilohilo. Kilikuwa na chemchemi mbili, kahawa, kanisa la matofali na kaya sitini na moja. Juu yao, palipo na mawingu, alikuta ufa wa vidole vinne. Alikuwa na vyombo vya kisasa, lakini alichomeka vigingi viwili, kimoja kila upande, akafunga kamba. Kila mwaka alirudi, na kila mwaka kamba ilikuwa fupi. Kufikia 1996 ufa ulikuwa hatua moja. Aliandika ripoti yenye kurasa mia mbili na kumi, akieleza kwamba ubavu ule ukishuka utafika kijijini kabla mtu hajamaliza kuvaa viatu, kisha utaziba mto, na ziwa litakalotokea litavunjika siku yoyote litakayo juu ya vijiji vya chini. Ofisini walimjibu kwa barua ya onyo kwa kuzua taharuki.

Basi alipanda mwenyewe na wazee wa Ikolombwe mpaka kwenye ufa. Walimsikiliza kwa adabu. Walitaka kujua kahawa itapandwa wapi. Mwishowe, amechoka na miguu inamuuma, alisema lile ambalo yeyote wa kwetu angelisema: "Haya. Atakayelala chini ya hapa, mimi simo katika damu yake." Akashuka.

Wiki mbili baadaye kijiji chote kilikuwa kimehamia upande wa pili wa bonde, kwenye tuta kavu, mwendo wa saa mbili kutoka kwenye maji. Marehemu aliona fahari kwa mwaka mzima. Mwaka uliofuata ndipo alipoambiwa kwamba hakuna aliyehama kwa sababu ya ufa. Kwa mila ya kule, mtu mzima akisimama juu ya ardhi na kutamka damu, amefunga ardhi ile. Atakayelala juu yake atapatwa na balaa, yeye na uzao wake, na kifungo hakifunguliwi na mtu ila aliyekifunga, angali hai. Kurasa mia mbili na kumi hazikuhamisha hata mbuzi. Neno alilolisema akitafuta pa kukalia lilihamisha kaya sitini na moja.

Hakuwasahihisha. Hilo ndilo lililomkaa rohoni miaka yote iliyobaki, na familia inalisema hapa kwa sababu aliagiza lisemwe. Mlima nao haukuanguka. Ofisini walimhamishia kwenye stoo ya sampuli za miamba, ambako alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2013 na kurudi Mbuchi kulima mpunga. Kila msimu wa mvua alikuwa mnyonge. Bi Mwanawetu alimuuliza siku moja, akitoka kuswali, "Baba Mashavu, hivi unaomba nini hasa? Mlima uanguke?"

"Naomba usimame."

"Basi mbona unaomba kwa uso huo?"

Mwaka jana alianza kukosa pumzi na kuvimba miguu. Hospitalini Mchukwi daktari alimweleza kwa upole kwamba moyo umetanuka na maji yanaingia pasipotakiwa. Marehemu aliuliza umetanuka kwa kiasi gani, na tangu lini. Daktari alisema hajawahi kuulizwa hivyo na mgonjwa.

Habari zilifika Ikolombwe. Jumamosi ya tarehe 8 Februari mwaka huu wajumbe wanne walishuka hapa gatini, watu wa milimani, wameshikilia mbao za boti kwa mikono miwili. Aliwaongoza Mama Tulinagwe, aliyekuwa msichana mwaka ule wa kuhama na sasa ana wajukuu. Walimkuta marehemu kitandani, ameegemezwa mito.

"Baba," alisema Mama Tulinagwe, "tumesikia moyo wako si mzuri."

"Umetanuka. Kaeni."

"Ukienda bila kutufungua, neno lile litabaki kwetu na kwa watoto wa watoto wetu. Miaka ishirini na tisa tunabeba maji kichwani. Makaburi ya wazazi wetu yako kule. Sema tu turudi. Neno moja."

"Waseme nini tena?" aliingia Bi Mwanawetu kutoka jikoni. "Mlima wenyewe umeshakusahau! Wafungue wenzio, uondoke umepatana na watu."

Marehemu alimtazama Mama Tulinagwe. "Ufa ukoje?"

"Hatua tatu na unyayo. Nimepima mwenyewe."

"Mwaka juzi?"

"Mbili."

Pumzi ilimchukua muda kurudi. Kisha akasema, "Sikuwafunga. Kwetu huku mtu akisema simo, anajivua lawama tu. Sina uwezo wa kumfunga hata kuku. Nilijua mmeogopa neno langu, nikaliacha liwaogopeshe, kwa kuwa lilifanya kazi. Mnisamehe. Leo mko huru, hakuna kifungo. Na sasa nawaomba, kama mtu tu: msirudi. Mwaka huu msipande kule hata maharage."

Mmoja wa wajumbe, mzee, alisimama. "Yaani mama yangu alikufa akibeba maji kwa ajili ya maneno ya kujivua lawama?"

"Ndiyo," alisema marehemu.

Hawakula. Wali wa nazi na kamba ulibaki kwenye sinia, na Bi Mwanawetu, ambaye chakula chake hakijawahi kukataliwa na mtu, alilia. Boti ilipoondoka, aliuliza ni faida gani ameipata. Marehemu alisema hakuna. Alikuwa amewaondolea kitu pekee kilichokuwa kinawazuia.

Miezi minne hiyo hakuisubiri simu ya mtoto wala ya daktari. Aliuliza tu kama Ikolombwe wamepiga. Jumanne ya wiki hii, tarehe 10 Juni, walipiga. Binti yake Mashavu aliiweka simu sikioni pake, na sauti ya Mama Tulinagwe ikasikika chumba kizima: "Baba, tulifanya vikao vitatu. Tumekutukana sana, sikufichi. Halafu wakapanda wote kwenda kuutazama ufa kwa macho yao, wazee kwa vijana. Hakuna aliyerudi. Hakuna aliyepanda mbegu."

"Hata maharage?"

"Hata maharage."

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Ameacha mjane, Bi Mwanawetu Iddy, watoto watatu, Mashavu, Nasibu na Sabra, wajukuu tisa, na dada yake, Bi Siti. Mlima wa Ikolombwe bado umesimama, tunalisema kwa kuwa wengi mtauliza. Ameacha pia kaya sitini na moja upande wa pili wa bonde, wazima wote, na wangali na hasira naye.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Apumzike, na ardhi imtulie.