Fisi wa Mtandaoni

Basi lilipokwama kwenye foleni, kijana aliyesimama akamwinamia mwanamke wa kiti cha mbele yangu. "Shikamoo dada. Mimi ndiye yule mwandishi wa habari uliyeniita fisi mtandaoni."

Mwanamke akamkagua kuanzia viatuni. "Marahaba. Mbona sioni mkia?"

Nilijifanya nasoma ujumbe kwenye simu yangu, kama afanyavyo kila abiria mwenye adabu na masikio.

Kijana hakucheka. Alisema neno lile limesambazwa na watu wasiomjua, na mhariri wake amemsimamisha kazi. "Lifute tu, dada yangu. Andika kwamba ulikuwa na uchungu."

"Uchungu ninao mpaka leo. Mdogo wangu kafa kwa moto ghalani, tukakubaliana mjomba aende kumwambia mama taratibu, akiwa ameketi. Wewe ukatoa jina na picha kabla mjomba hajavaa viatu. Mama kaoneshwa na jirani, kasimama mlangoni."

"Lakini picha niliitoa kwenye ukurasa wako! Uliweka mshumaa na jina lake kamili."

Basi likasogea kidogo, likasimama tena. Mwanamke alikuwa anakunja na kukunjua tiketi yake.

"Niliwawekea rafiki zangu," alisema, sauti imeshuka. "Sikujua nalilia kwenye kipaza sauti."

"Basi tumekosea wote."

"Tumekosea. Ila mimi nilikuwa nalia, wewe ulikuwa kazini. Ungenipigia simu moja tu." Basi likafika kituoni, akainuka na kumpita kwa bega. "Silifuti. Na radhi siombi."